Kuusikiliza muziki wa asili wa Ireland na wa nchi za Kikelti ukiwa kijana: tuanzie wapi, na tusikilize nini?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Katika mijadala yetu ya muziki nimeona kwamba vijana wengi wanaougusia muziki wa Kikelti, yaani wa Ireland, Uskoti na jamaa zao kama Wabretoni wa Ufaransa, wanauzungumzia kana kwamba ni kitu kimoja laini, kilichotengenezwa ili mtu apate usingizi au asome mtihani wake kwa utulivu. Mikusanyo ya saa tatu na nne iliyojaa mtandaoni imeikuza dhana hiyo: vinanda vya kompyuta, sauti ya mwanamke isiyo na maneno, na filimbi inayopita kwa mbali. Sina ugomvi na anayelala kwa mikusanyo hiyo, ila husikitika ninapomwona anaondoka akiamini kwamba amekwisha kuusikia muziki wa Ireland. Muziki wenyewe umezaliwa katika dansi, una kasi na nguvu, na kila kipande chake kimebeba historia ya watu, vijiji na familia zinazojulikana kwa majina. Nimeuanzisha uzi huu nikiwa na hoja moja tu, nayo ni kwamba utamu wa muziki huu hauji kwa kusikiliza vipande vingi mara moja moja, bali huja kwa kuyafuata mahadhi yale yale yanapopita katika mikono ya wapigaji tofauti, hadi sikio lianze kumtambua mpigaji kabla ya kusoma jina lake.

Ili jambo hilo liwezekane, lazima kwanza tuelewe umbo la kinachopigwa. Mahadhi ya dansi ya Ireland ni mafupi sana. Sehemu ya kwanza huwa na vipimo 8, yaani mafungu 8 ya mapigo, nayo hurudiwa. Kisha huja sehemu ya pili, ambayo kwa kawaida hupanda juu kidogo kwa sauti, nayo pia ina vipimo 8 na hurudiwa. Jumla ni vipimo 32, na kwa mwendo wa kawaida wa rili, dansi ya kasi, mzunguko mzima huisha katika muda unaozidi nusu dakika kidogo tu. Wapigaji huuzunguka mara mbili au tatu, halafu bila kusimama huingia katika mahadhi mengine, na mengine tena, hadi seti iishe. Msikilizaji asiyelijua hilo husikia dakika nne za noti zinazokimbia na kudhani kwamba hakuna kinachobadilika. Anayelijua hutega sikio pale mahadhi yanapobadilishwa, kwa kuwa hapo ndipo chumba kizima huchangamka.

Aina za mahadhi nazo hutofautishwa kwa hesabu. Rili huhesabiwa kwa nne na huenda mbio. Jigi huenda kwa mapigo sita yaliyogawanywa katika tatu mbili. Slipu jigi ina tisa na hutiririka kwa namna ambayo mimi binafsi naiona kuwa nzuri kuliko zote. Honipaipu hutembea kwa kuyumba na kukanyaga kwa uzito. Polka na slaidi hupatikana kwa wingi zaidi kusini-magharibi, mpakani mwa kaunti za Cork na Kerry.

Sasa tuingie katika mikono ya watu. Michael Coleman alizaliwa mwaka 1891 eneo la Killavil, kusini mwa kaunti ya Sligo, akahamia Marekani mwaka 1914, na katika miaka ya 1920 na 1930 akarekodi huko New York santuri ambazo zilirudi Ireland na kuingia katika nyumba za wakulima. Upigaji wake wa fidla ulikuwa wa kasi, safi, uliojaa madoido, na uliwavutia wapigaji wa mikoa mingine kiasi kwamba wengi waliacha baadhi ya mazoea ya nyumbani kwao wakaufuata upinde wa Sligo. Mwaka 1934 alirekodi rili tatu kwa mfululizo, Tarbolton, The Longford Collector na The Sailor's Bonnet, na hadi leo, miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1945, mtu akianzisha ile ya kwanza mahali popote wanapokutana wapigaji wa muziki huu, wenzake wanajua ya pili na ya tatu zitakuwa zipi.

Baada ya Coleman, nendeni mashariki mwa kaunti ya Clare mkamsikilize Martin Hayes, aliyezaliwa mwaka 1962 na kukulia katika nyumba ya P. J. Hayes, kiongozi wa Tulla Céilí Band, bendi iliyoanzishwa mwaka 1946. Hayes hupunguza mwendo hadi kila noti ipate nafasi ya kupumua, kisha huupandisha polepole kwa dakika nyingi. Katika rekodi ya jukwaani aliyoitoa mwaka 1999 akiwa na mpiga gitaa Dennis Cahill, iliyofanywa Seattle, kuna seti moja inayokaribia nusu saa, na sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha kijana jinsi muziki uleule unavyoweza kuwa wa faragha na wa kusisimua kwa pamoja. Ukimsikiliza Coleman na Hayes kwa zamu, utasikia kwamba kaunti mbili za nchi moja ndogo zinaweza kuwa na lafudhi mbili za fidla zilizo mbali kabisa.

Donegal, huko kaskazini, ni habari nyingine. Watu wa kaunti hiyo walikuwa wakienda Uskoti kufanya kazi za msimu, na muziki wa Kiskoti ulirudi pamoja nao. John Doherty, fundi bati aliyezunguka vijijini na kufariki mwaka 1980, alikuwa na upinde mkali, wa pigo moja kwa kila noti, wenye mwangwi wa zumari za kiriba za Uskoti. Kwa upande wa Sliabh Luachra, lile eneo la mpakani mwa Cork na Kerry, nchi ya polka, mtafuteni Pádraig O'Keeffe (1887 hadi 1963), mwalimu wa shule aliyeachishwa kazi hiyo na kuishi kwa kutembea nyumba hadi nyumba akifundisha fidla, huku akiwaandikia wanafunzi wake mahadhi kwa mfumo alioubuni mwenyewe, wa mistari ya nyuzi na namba za vidole. Wanafunzi wake, Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, walirekodiwa, na kuwasikia ndugu hao wawili wakipiga pamoja, mmoja juu na mwingine chini, ni somo tosha la jioni nzima.

Nawaomba mchague rili moja au jigi moja mnayoipenda, mtafute rekodi zake nne au tano za wapigaji kutoka mikoa tofauti, na msisikilize kingine kwa juma zima. Kisha mrudi hapa mtueleze mlichosikia.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ahsante sana ndugu kwa uzi wenye uzito. Mimi nimekulia katika chakacha, na nilipoisikia jigi kwa mara ya kwanza mwili uliijua kabla ya akili, kwa sababu hesabu ya sita tunayo wenyewe katika ngoma za Pwani. Naomba utueleze zaidi kuhusu ala. Ile ngoma wanayoipiga kwa kijiti inanikumbusha dufu la maulidi, na kuna sauti ya zumari ambayo siwezi kuitofautisha na zile zumari za wanajeshi wa Uskoti wanaovaa sketi.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, umesikia vizuri. Ngoma hiyo huitwa bodhrán, na kwa umbo ni jamaa wa dufu: fremu ya mviringo iliyowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, mkono mmoja ukiwa ndani unaibana ngozi ili kubadilisha sauti, na mwingine ukipiga kwa kijiti kifupi. Wengi hudhani kwamba imekuwa katikati ya muziki huu tangu kale, lakini nafasi yake ndani ya vikundi ilipatikana zaidi katika miaka ya 1960, pale mtunzi Seán Ó Riada alipoiingiza katika kundi lake la Ceoltóirí Chualann. Kutoka katika kundi hilo ndimo walimotoka The Chieftains, walioanzishwa mwaka 1962 na mpiga zumari Paddy Moloney, ambao waliuzungusha muziki huu duniani hadi China mwaka 1983.

Kuhusu zumari, zipo mbili zinazochanganywa sana. Ile ya Uskoti hupulizwa kwa mdomo, ina sauti kubwa ya kusikika uwanjani, na haiwezi kunyamazishwa katikati ya mahadhi. Ile ya Ireland, ambayo huitwa uilleann, hupigwa mpigaji akiwa amekaa. Hewa huingizwa na mvukuto unaobanwa kwa kiwiko cha mkono mmoja, kiwiko kingine hukandamiza kiriba, na vidole hucheza juu ya bomba la mahadhi lenye uwezo wa kufika oktava mbili. Mabomba mengine matatu hutoa sauti moja isiyokatika, na bado yapo yenye vitufe vya chuma ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa kiganja ili kupata sauti za kusindikiza. Kwa hiyo mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu. Mwaka 1968, wakati wapigaji walikuwa wamebaki wachache mno, chama cha Na Píobairí Uilleann kilianzishwa ili kufundisha upigaji na utengenezaji wa ala hiyo, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji huo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Liam O'Flynn, Paddy Keenan na Séamus Ennis ni majina matatu ya kuanzia. Ennis ana uzito wa pekee kwa sababu katika miaka ya 1940 alizunguka kwa baiskeli magharibi mwa Ireland akikusanya nyimbo kwa niaba ya Tume ya Ngano na Mila ya nchi hiyo.

Niongeze jambo moja linalonifurahisha. Filimbi kubwa ya mbao inayopigwa na watu kama Matt Molloy ilikuwa ala ya wanamuziki wa mijini wa Ulaya; walipohamia kwenye filimbi mpya zenye mfumo wa vitufe katika karne ya 19, zile za zamani zikauzwa kwa bei nafuu na zikafika mikononi mwa watu wa vijijini. Buzuki, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, nayo ilitoka Ugiriki na kuletwa katika muziki huu katika miaka ya 1960 na Johnny Moynihan. Kijana anayedhani kwamba muziki wa asili ni kitu kilichogandishwa na ayatazame mambo haya mawili.

Mchangiaji kutoka Tanga

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini. Nimependa habari za Coleman na santuri zake, kwa kuwa ni wakati uleule, mwaka 1928, Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikarudi Zanzibar kwa santuri vilevile. Lakini nina swali. Kila picha ya muziki huu ninayoiona imepigwa ndani ya baa, na mara nyingi wenye fidla ni watu wazima. Je, hamdhani kwamba mnawaita vijana katika baraza ya wazee na ya pombe?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru kwa swali hili kwa sababu linagusa kiini cha jambo.

Kwanza, baa si chimbuko la muziki huu. Kwa vizazi vingi ulipigwa jikoni, katika nyumba za majirani, na penye njia panda wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 serikali ya Ireland ilipitisha sheria ya kumbi za dansi iliyotaka kila mkusanyiko wa dansi wa hadhara uwe na leseni, na sheria hiyo, ikisaidiwa na shinikizo la mapadri, ilitumiwa hata dhidi ya dansi za majumbani. Dansi zikahamia katika kumbi kubwa na bendi kubwa zikashamiri. Kikao cha baa tunachokijua leo kilikua hasa miongoni mwa wahamiaji wa Kiairishi jijini London baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mitaa kama Camden Town, ambako vibarua wa ujenzi waliokuwa wakiishi vyumba vya kupanga hawakuwa na jikoni za kupigia fidla. Kutoka London desturi hiyo ilirudi nyumbani.

Pili, vijana hawajawahi kuwa wageni katika muziki huu. Mwaka 1792, wapiga vinubi wa mwisho wa mfumo wa zamani walipokusanywa Belfast, aliyepewa kazi ya kuandika mahadhi yao alikuwa Edward Bunting, kijana wa miaka 19. Bila kalamu yake tungekuwa tumepoteza sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vinubi hivyo. Wazo la kuzipanga sauti za zamani kwa nguvu ya bendi ya kisasa lilibebwa na vijana wa miaka ya 1970. Planxty walianza mwaka 1972 wakiwa na Christy Moore, Andy Irvine, Dónal Lunny na Liam O'Flynn. The Bothy Band walifuata mwaka 1975, na ingawa walivunjika mwaka 1979, sijasikia bado kundi lililozipiga rili kwa moto kama wao. Msiisikilize Bothy Band kwa sauti ya chini.

Leo hali ni hiyo hiyo. Chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann kilianzishwa mwaka 1951, na tamasha lake kuu, Fleadh Cheoil, hufanyika kila Agosti baada ya mchujo wa kaunti na mikoa. Mashindano yake yamegawanywa kwa umri: walio chini ya miaka 12, kisha 12 hadi 15, kisha 15 hadi 18, halafu watu wazima. Mitaa ya mji unaoyapokea hujaa watoto waliokaa juu ya mabegi ya ala zao wakipiga. Na kila Julai, katika mji mdogo wa Miltown Malbay huko Clare, hufanyika shule ya kiangazi yenye jina la mpiga zumari Willie Clancy, aliyefariki mwaka 1973, ambamo kijana hukaa chumba kimoja na mpigaji mwenye umri wa babu yake na kujifunza kwa sikio, kipande kwa kipande. Mzee wangu, si kwamba tunawaita vijana katika baraza ya wazee. Ni baraza ambayo tangu mwanzo imekaliwa na rika zote, na hilo ni moja ya mambo yanayonifanya niipende.

Mchangiaji anayeishi Glasgow

Naomba niingie kwa upande wa Uskoti, maana nimeona umetajwa kwa zumari tu. Huku kuna aina ya dansi iitwayo strathspey, ambayo noti fupi hutangulia ndefu kwa mkato mkali, na ndiyo alama ya fidla ya Kiskoti tangu enzi za Niel Gow, aliyefariki mwaka 1807. Vilevile kuna nyimbo za kazi za wanawake wa visiwa vya magharibi. Walikaa kuizunguka meza, wakaipiga kwa mdundo nguo ya sufu iliyolowa ili ikaze, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Sisi tuliokulia karibu na kinu na mchi hatuhitaji kuelezwa wimbo wa namna hiyo unafanya kazi gani. Mwaka 1992 kundi la Capercaillie liliufikisha wimbo mmoja wa aina hiyo katika 40 bora za Uingereza, ukiimbwa kwa Kigaeli cha Uskoti. Kijana akitaka sauti ya leo, amtafute Julie Fowlis kutoka kisiwa cha North Uist, hasa anapoimba yale mahadhi ya dansi yanayotolewa kwa mdomo pale ala zinapokosekana. Ulimi wake ni wa ajabu.

Kila Januari, tangu 1994, jiji hili huandaa tamasha la Celtic Connections, na wapigaji wengi ninaowaona jukwaani ni wa umri wangu.

Mwanzisha uzi

Ahsante dada. Kwa kuwa umeifungua njia ya Uskoti, acha niifuate hadi Cape Breton, kisiwa cha Nova Scotia nchini Kanada, ambako Waskoti waliohama nyanda za juu walipeleka fidla zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo cha utangazaji cha Kanada, CBC, kilionyesha filamu ya habari iliyodai kwamba mpiga fidla wa Cape Breton anatoweka, kwa kuwa vijana hawajifunzi tena. Wenyeji walikasirika, lakini hawakuishia katika kukasirika. Walianzisha madarasa ya watoto, na mwaka 1973 wakaandaa tamasha huko Glendale lililowakutanisha wapiga fidla zaidi ya 100. Natalie MacMaster, aliyezaliwa mwaka 1972, ni wa kizazi kilichokulia ndani ya mwamko huo, na mpigaji mashuhuri Buddy MacMaster alikuwa ndugu wa baba yake. Sikilizeni rekodi za wawili hao kwa kufuatana, pamoja na piano ya kisiwa hicho, ambayo huruka na kugonga chini ya fidla kwa namna isiyopatikana Ireland.

Mchangiaji kutoka Bukavu, anayesoma Rennes

Salamu kwa wote. Naona mmesahau Bretagne, eneo la Kikelti la magharibi mwa Ufaransa, na mimi niko hapa. Kuna dansi za usiku ziitwazo fest-noz, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2012, na watu wa rika zote hushikana vidole vidogo na kucheza katika duara au mstari mrefu. Waimbaji wawili hupokezana, mmoja akiingia juu ya maneno ya mwisho ya mwenzake ili sauti isikatike, na wachezaji hawahitaji ala yoyote. Pia wanapiga bombarde. Yule ndugu wa Mombasa aliyeuliza kuhusu zumari angeipenda, kwa sababu ni ala ya mwanzi pacha kama nzumari ya Pwani, na sauti yake hukata hewa vilevile. Alan Stivell aliyeufufua uchezaji wa kinubi cha Kikelti alipiga katika ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1972, na wengi hapa wanaihesabu jioni hiyo kuwa mwanzo wa zama mpya. Kila Agosti mji wa Lorient huwakusanya wanamuziki wa Ireland, Uskoti, Wales, Galicia na Asturias za Hispania, na kwingineko.

Mwanzisha uzi

Kaka wa Rennes, hatukuisahau Bretagne. Tulikuwa tunamsubiri mtu aliye karibu nayo. Nakubaliana nawe, na nawaomba wasomaji wazingatie kwamba dansi ya Kibretoni haifuati umbo lile la vipimo 32 nililolieleza mwanzoni. Ndiyo maana napendelea kuzitaja nchi hizi moja moja. Undugu wa lugha kwa nyingi kati ya nchi hizo upo, na urafiki wa wanamuziki wao katika miaka 50 na zaidi iliyopita umezaa kazi nzuri, lakini masikio yatawatenganisha haraka mpiga gaita, ile zumari ya kiriba ya Galicia, na mpiga fidla wa Sligo.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimefuatilia kimya kimya. Kwetu Kenya kodiani ilipata makao katika mwomboko wa Wakikuyu, ikipigwa pamoja na kile kipete cha chuma, karing'aring'a, kwa hiyo kodiani ya Ireland haikunipa shida. Shida yangu ni nyimbo. Nimejaribu kusikiliza uimbaji wao wa zamani usio na ala, kwa lugha nisiyoijua hata neno, na nimeshindwa kuufikia. Je, kuna njia?

Mwanzisha uzi

Njia ipo, ila inadai subira kuliko dansi. Uimbaji huo huitwa sean-nós. Mwimbaji husimama au hukaa peke yake, bila ala, bila mapigo ya kudumu, na madoido huwekwa katikati ya silabi mahali ambapo mwimbaji mwingine asingeyaweka. Hapigi kelele wala haigizi huzuni. Hata wimbo unaosimulia kifo huimbwa kwa uso uliotulia, na hisia yote hubebwa na mapindo ya sauti. Anza na Joe Heaney, aliyezaliwa Carna, Connemara, magharibi mwa Ireland, mwaka 1919. Aliwahi kufanya kazi ya ubawabu katika jengo la makazi jijini New York, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alikofariki mwaka 1984. Tafuta kwanza tafsiri ya maneno ya wimbo mmoja, isome hadi kisa kikuingie, kisha usikilize ukiwa umefunga macho. Ukirudia beti ileile utagundua kwamba haimbwi mara mbili kwa namna moja, na hapo utakuwa umeirudia hoja ya uzi huu kwa upande wa sauti ya binadamu.

Daraja zuri kwa kijana ni rekodi za Tríona Ní Dhomhnaill na kaka yake Mícheál. Nyimbo zao nyingi walizipata kwa shangazi yao, Neilí, wa Rannafast huko Donegal, aliyekuwa hazina ya mamia ya nyimbo, na wao wakazivika gitaa na kinanda bila kuziumiza. Wapo pia The Gloaming, ambamo Iarla Ó Lionáird huimba juu ya fidla ya Martin Hayes, na wapo Lankum wa Dublin, ambao albamu yao ya mwaka 2023 iliteuliwa kuwania Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland. Lankum huziweka nyimbo za zamani juu ya mivumo mizito na ya giza. Wapo wanaoona kwamba wamekwenda mbali mno. Mimi naona kwamba wameurudisha ule uzito wa hadithi ambao uimbaji laini wa mikusanyo ya kulalia uliufuta.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nimefanya ulivyoagiza. Nimechukua The Sailor's Bonnet, nikaisikiliza kwa Coleman na kwa wapigaji wengine watatu. Sehemu ya pili, kuna mahali ambapo kila mmoja anapita njia yake, na mpiga filimbi mmoja anavuta pumzi hapo na kuiacha noti kabisa. Sasa natamani kujifunza kupiga. Nianze na nini?

Mwanzisha uzi

Umesikia hasa kile nilichotamani mkisikie, ndugu yangu. Wapiga filimbi hulazimika kuacha noti ili wapumue, na mpigaji hodari huchagua noti ya kuiacha kwa namna inayoyapa mahadhi sura mpya. Mpiga fidla asiyehitaji pumzi hujenga mkato wake kwa kugeuza upinde.

Nunua filimbi ya bati yenye matundu sita iliyolinganishwa katika ufunguo wa D, kwa sababu mahadhi mengi ya dansi yanakaa katika funguo za D na G na ala hiyo huyamudu bila taabu. Ni ya bei nafuu kuliko karibu ala nyingine yoyote ya muziki huu. Msikilize Mary Bergin, hasa rekodi yake ya kwanza ya mwaka 1979, si ili umwige kwa kasi, bali usikie jinsi ulimi wake unavyozitenganisha noti na vidole vinavyozikata. Anza na jigi au polka, usianze na rili. Punguza mwendo wa rekodi kwa programu ya simu hadi uweze kuimba mahadhi yote mdomoni bila ala, na usishike filimbi mpaka uweze kuyaimba. Madoido yaache kando kwa miezi ya mwanzo. Ukimaliza sehemu ya kwanza ya jigi yako ya kwanza, irekodi uiweke hapa katika uzi, na yule dada wa Glasgow akiwa tayari atuwekee ya kwake kwa mahadhi hayo hayo, ili tuwasikilize nyote wawili.